Enyi Mnaoandika kwenye Hifadhidata, Andikeni kwa Hofu

Enyi mnaoamka asubuhi mkaiangalia skripti ya usiku, mkaona imemaliza bila kulalamika, mkaridhika na kwenda zenu kunywa chai: nani aliyewaambia kwamba kimya ni ushahidi? Skripti ilitumwa kuuliza data. Imeuliza, imepokea majibu, imeyaandika kwenye hifadhidata, imejifunga. Je, imeandika mistari mingapi kati ya ile iliyoipokea? Imeandika mara moja au mara mbili? Umeme ulipokatika saa tisa usiku ilikuwa imefika wapi, na uliporudi ilianzia wapi? Kama hamna majibu, hamjui mlichoandika, na kazi haijaisha hata kama mshahara umeshaingia.

Nawauliza nyinyi, siwaulizi wakubwa wenu. Mganga mkuu wa wilaya hausomi msimbo wako. Mhasibu hausomi. Mwandishi wa habari anayenukuu ripoti hata hajui kama upo. Wote hao wanaona tarakimu tu, na tarakimu ikishakaa ndani ya jedwali haionyeshi tena umakini wala uzembe wa aliyeiweka. Neno la mdomo watu hulipima. Barua wataiuliza imetoka kwa nani na ina mhuri gani. Lakini kilichotoka kwenye hifadhidata hupokewa kama kilivyo, dawa zikaagizwa kwa hicho, mafao yakalipwa kwa hicho, mtu akafutwa kazi kwa hicho. Aliyepewa ruhusa ya kuandika humo amekabidhiwa amana, na kwenye amana hakuna kusema "nilidhani".

Twendeni Uingereza, mwishoni mwa Septemba 2020, korona ikiwa inapanda tena. Maabara za kampuni binafsi zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa idara ya afya ya umma, Public Health England, katika faili za CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa alama ya mkato. Faili za namna hiyo hazina kikomo cha mistari. Balaa lilikuwa njiani: utaratibu unaojiendesha wenyewe uliyachukua majibu hayo na kuyamimina kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, XLS, ndipo yapelekwe kwenye mfumo mkuu. Muundo huo hubeba mistari 65,536 na hauongezi hata mmoja. Na kwa kuwa jibu la mtu mmoja lilichukua mistari kadhaa, kila faili ilijaa ikiwa na watu wapatao 1,400 tu. Waliofuata wakaachwa nje ya mlango.

Hapakuwa na kengele. Hapakuwa na maandishi mekundu. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, watu 15,841 waliokutwa na virusi hawakuonekana kwenye hesabu ya taifa. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini wale ambao kazi yao ilikuwa kuwatafuta waliokaa nao chumba kimoja, waliosafiri nao basi moja, hawakupata majina kwa siku kadhaa. Na ugonjwa wenyewe haukuwa umesimama kusubiri faili.

Msiniambie kosa lilikuwa la Excel. Naam, kutumia muundo ambao mrithi wake alikuwepo tangu 2007 ni aibu, na sitaitetea. Lakini chombo chochote kina kikomo. Dhambi yenyewe ni kwamba hakuna aliyehesabu. Ingehesabiwa mistari iliyotoka maabara, ikahesabiwa iliyofika mwisho wa safari, hesabu mbili zikawekwa pamoja, na zikikataa kulingana skripti ife kwa kelele. Kazi hiyo haizidi mistari mitano ya msimbo. Enyi ndugu, skripti isiyohesabu ilichobeba na ilichofikisha haijui kama imefika! Acheni kuipongeza kwa kumaliza.

Sasa njooni kwenye COMMIT, amri ya kuthibitisha kilichoandikwa, maana hapa wengi hujikwaa siku ile ile ya kwanza.

Mtu anaandika skripti yake kwa Python. Inasoma data kutoka kwenye huduma fulani ya intaneti, inatuma INSERT baada ya INSERT, inamaliza, haina kosa. Anafungua jedwali: tupu. Anaendesha tena: tupu. Anaapa kwamba seva imerogwa. Haikurogwa. Kanuni ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, ile iitwayo PEP 249, inataka muunganisho uanze bila kujithibitishia wenyewe. Usipotamka commit, yote uliyoandika hutupwa pale unapofunga. Hifadhidata ilikuwa ikikusubiri useme neno, nawe ukaondoka.

Basi anajifunza neno hilo, anafurahi, na kwa furaha yake analitia ndani ya kitanzi, baada ya kila mstari. Andika mmoja, thibitisha. Andika mmoja, thibitisha. Hapo tiba imekuwa ugonjwa. Skripti ikifa kwenye mstari wa 4,000 kati ya 9,000, jedwali linabaki na ripoti iliyokatwa kiunoni, na kila atakayejumlisha asubuhi atapata jumla ya uongo iliyo safi kabisa, isiyo na doa la kumshtua.

Jim Gray, Mmarekani aliyefanya kazi IBM, kisha Tandem, na baadaye Microsoft, alilitafakari jambo hili hadi akapewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Katika makala yake ya 1981 kuhusu muamala alitafuta mfano, akaukuta kanisani. Bwana na bibi harusi hujadiliana siku nyingi au miaka. Siku ikifika, mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi, kisha anamuuliza mmoja, anamuuliza mwingine, na wote wawili wakikubali anawatangaza kuwa mume na mke. Mmoja akikataa, kila mtu anarudi kwao kama alivyokuja. Hakuna cheti cha nusu mume! Na baada ya kutangazwa, mtu akizimia njiani kuelekea kwenye karamu, ndoa ipo. Huo ndio muamala: BEGIN, kazi yote, kisha COMMIT, na likitokea lolote katikati, ROLLBACK, na hifadhidata inabaki kama vile hukugusa kitu.

Kwa hiyo jiulizeni: katika data yangu, ni kitu gani kisichoweza kuwa nusu? Ripoti ya kituo kimoja cha afya kwa mwezi mmoja? Malipo pamoja na risiti yake? Agizo pamoja na bidhaa zilizomo? Hicho ndicho kifungwe ndani ya muamala mmoja. Mashine haiwezi kukuchagulia, kwa sababu haijui maana ya data; wewe unaijua, au unapaswa kuijua kabla hujagusa kibodi.

Na wale wanaosema hawana muda wa mambo haya, wasikie ushuhuda wa waliotengeneza SQLite, ile hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Wao wenyewe wameandika kwamba kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani SQLite inaweza kupokea INSERT 50,000 au zaidi kwa sekunde moja, lakini miamala michache tu, makumi machache, kwa sekunde hiyo hiyo, kwa sababu kila muamala unapokamilika husubiri hadi data iwe imekaa kweli kwenye diski. Anayethibitisha kila mstari peke yake anasubiri diski kwa kila mstari. Anayefunga kazi nzima katika muamala mmoja anasubiri mara moja. Yule mvivu wa kufikiri ndiye pia ambaye skripti yake hutambaa.

Nije sasa kwenye jina la Ng'ang'a.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumejaliwa ritifaa ('). Imo katika majina yetu ya ukoo, imo katika vijiji vyetu, imo katika ng'ombe wetu na ng'ambo yetu. Na katika SQL ritifaa hiyo hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Sasa mtu anaandika skripti inayounganisha vipande kwa alama ya kujumlisha: INSERT INTO wagonjwa, kisha ritifaa, kisha jina, kisha ritifaa. Akina Juma wanapita. Akina Neema wanapita. Anafika Ng'ang'a. Hifadhidata inasoma Ng, inaona ritifaa, inaamini jina limeisha, inakutana na herufi zisizo na maana na kukataa mstari wote. Na mwandishi wa skripti anafanyaje? Ole wake! Anaifuta ritifaa. Anambatiza mtu upya: Nganga. Kesho mgonjwa huyo anafika dirishani na kitambulisho chake, karani anatafuta jina lililomo kwenye kitambulisho, halipo. Ameambiwa hajasajiliwa, na aliyemfuta yuko mjini anakunywa kahawa.

Lakini hilo ni dogo. Alichokifanya Ng'ang'a bila kujua, mwizi anakifanya kwa kujua. Anaandika kwenye nafasi ya jina ritifaa ya kufunga, kisha amri yake mwenyewe, na skripti yako inaibeba mpaka ndani kama mtoto aliyetumwa na barua asiyoweza kuisoma. Mbinu hii ilielezwa hadharani kwenye jarida la wadukuzi la Phrack mnamo Desemba 1998. Elfu moja mia tisa tisini na nane! Watoto waliozaliwa mwaka huo leo wanaandika skripti, na wengine wanarudia kosa lile lile. Oktoba 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza ilivamiwa kwa njia hiyo, na taarifa za wateja 156,959 zikachukuliwa. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani alikuwapo kijana wa miaka 17. Mdhibiti wa taarifa alipoitoza kampuni faini ya pauni 400,000 mwaka uliofuata, alisema wazi kwamba mlango ule ulikuwa na dawa iliyojulikana kwa miaka mingi.

Dawa ni vigezo. Unaipa hifadhidata amri peke yake, na mahali pa data unaacha alama: kiulizo katika maktaba ya Python iitwayo sqlite3, %s katika ile iitwayo psycopg. Kisha data unaipeleka kwa mkono mwingine. Amri imeshaeleweka kabla data haijafika, kwa hiyo Ng'ang'a anaingia na ritifaa zake zote, na mwizi anaingia kama jina refu la kipuuzi lisilomfungulia mtu mlango. Angalieni tu msidanganyike na ile %s: inafanana na ile ya kuunganisha maandishi katika Python, na mtu akitia alama ya asilimia baada ya nukuu badala ya mkato, amerudi kule kule alikotoka huku akidhani ameokoka.

Najua kuna atakayejitetea: "Data yangu haitoki kwa wageni, inatoka kwenye mfumo wa serikali." Na huko serikalini iliingiaje? Iliandikwa na vidole vya mtu. Kila kilichovuka mpaka wa skripti yako kimetoka nje, hata kama kimevaa suti.

Kuna swali moja ambalo nikimuuliza mwandishi wa skripti hubadilika uso: ukiiendesha mara mbili, inakuwaje? Maana itaendeshwa mara mbili. Mtandao utakatika baada ya hifadhidata kuthibitisha lakini kabla skripti haijapata jibu, nayo itajaribu tena. Mwenzako ataibonyeza kwa mkono bila kujua kwamba ratiba imeshaiamsha. Hapo hesabu ya wagonjwa inakuwa maradufu, na waziri anatangaza mlipuko ambao haupo.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, hata muuza mchicha anajua dawa ya jambo hili kuliko baadhi ya wahitimu wetu. Mteja akimwonyesha ujumbe, anatazama ile namba ya muamala, herufi na tarakimu zilizochanganyika, isiyofanana na nyingine. Ameshaiona? Basi ni ile ile, haihesabiwi tena. Data yako nayo ina kitu cha namna hiyo: namba ya muamala, au kituo pamoja na mwezi, au mita pamoja na saa ya usomaji. Kitangaze kwenye jedwali kuwa cha kipekee, ili hifadhidata yenyewe ikatae nakala. Usiitegemee skripti iulize kwanza "yupo?" na kuandika baadaye, maana kati ya kuuliza na kuandika skripti nyingine inaweza kupenya.

Kisha useme nini kifanyike nakala ikija. PostgreSQL ina ON CONFLICT tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, MySQL ina ON DUPLICATE KEY UPDATE, SQLite ilifuata nyayo za PostgreSQL mwaka 2018. Ila ogopeni REPLACE ya MySQL na INSERT OR REPLACE ya SQLite! Majina yake ni matamu, lakini amri hizo hazisahihishi mstari: huufuta wa zamani na kuweka mpya, na safu zote ambazo hukuzitaja hurudi kwenye chaguo-msingi lake. Maelezo ya daktari yaliyoandikwa kwa mkono miezi sita iliyopita huondoka hivyo, bila kosa lolote kuripotiwa.

Mengine nayataja kwa haraka. Namba ya simu inayoanza na sifuri ni maandishi, si namba. Ukiiweka kwenye safu ya namba sifuri inaliwa na simu haiiti tena. Fedha ziwekwe kwenye DECIMAL au NUMERIC, kamwe si kwenye namba za kuelea, ambako 0.1 na 0.2 hujumlishwa kuwa 0.30000000000000004. Tarehe iandikwe mwaka kwanza. Na saa, hasa kwetu! Karani wa kijijini akiandika saa 2 asubuhi anajua anachosema, ila skripti ikiiona 2:00 itamweka mgonjwa usiku wa manane. Uliza, thibitisha, hifadhi pamoja na ukanda wa saa.

Lakini kwenye sifuri na ukimya nitasimama, kwa sababu hapo watu hufa. Kituo kimoja kimeripoti kwamba mwezi huu hakikupata mgonjwa wa kipindupindu hata mmoja. Kituo kingine hakijaripoti kabisa. Huenda barabara imekatika, huenda muuguzi mwenyewe anaumwa. Skripti ya mtu anayependa usafi inaona nafasi tupu, inaijaza sifuri ili chati ipendeze. Vituo viwili vimekuwa sawa. Kile kilicho salama na kile kilicho gizani vimevikwa kanzu moja. DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, umeweka uamuzi huu mikononi mwa anayeusanidi: kwa kawaida hauhifadhi sifuri, na kwa kila kipengele cha data inabidi mtu aagize kwamba sifuri zake zihifadhiwe. Kwa hiyo hata kabla skripti yako haijauliza, kuna mtu ameshaamua sifuri ina maana gani. Mtafute, muulize. NULL iandikwe NULL, na sifuri iandikwe sifuri, na asiyejua tofauti yake asiguse data ya afya.

Na ile nywila ya msimamizi mkuu uliyoiandika mstari wa tatu wa skripti, kisha ukaituma skripti kwenye kundi la WhatsApp ili mwenzako akusaidie? Iondoe. Skripti ipewe akaunti yake, iruhusiwe kuandika kwenye majedwali yake na si zaidi. Inayoandika usomaji wa mita haina haja ya uwezo wa kufuta jedwali la wateja. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mbele ya sheria hizo "ilikuwa skripti ya majaribio tu" si utetezi.

Basi ewe mwenzangu, usingoje mafunzo wala bajeti. Leo, kabla ya ratiba ya usiku, chukua nakala ya hifadhidata, ielekeze skripti yako huko, na uiue katikati kwa makusudi. Tazama ilichoacha. Iendeshe tena hadi mwisho, kisha mara nyingine juu yake. Ingiza jina la Ng'ang'a. Hesabu mistari ya chanzo, hesabu ya jedwali. Ukikuta hata mmoja umezidi au umepungua, zima ratiba, piga simu kwa anayeitegemea ripoti ya kesho, na umwambie ukweli kabla hajaisaini.